Kigari Tulichokitoa Zizini

Nilipoolewa Matinyani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuta gari nyumbani, ila halikuwa gari tena. Lilikuwa upande mmoja wa zizi la mbuzi.

Mwenyewe alikuwa baba mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa mgawa dawa katika hospitali ya misheni kule Mutomo, na miaka ya sitini alilinunua kwa daktari mzungu aliyekuwa anarudi kwao: kigari kidogo cha Kiingereza, cha milango miwili, chenye mgongo wa mviringo na rangi ya majani makavu. Jumamosi alikuja nacho nyumbani, Jumapili baada ya ibada akarudi nacho kazini. Alipofariki, kigari kiliegeshwa chini ya mti wa mukau kando ya boma. Mama mkwe alikuwa na mbuzi wengi na miti michache ya kujengea. Akaweka ua wa miiba kutoka kwenye boneti hadi kona ya ghala, na mwingine kutoka kwenye buti hadi kwenye shina la mukau, na zizi likakamilika. Mbuzi walilala wameegemea mlango wa dereva kwa miaka isiyopungua saba, na samadi ikapanda ikapanda hadi nusu ya mlango.

Mimi nilikuwa mwalimu wa ushonaji na mapishi katika shule ya wasichana. Mume wangu alikuwa karani wa stesheni kule Makindu, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mambo yalikuwa yakienda vizuri hivyo, mpaka mama yangu mzazi, ambaye alikuwa akiishi peke yake Kilungu, akateleza kwenye mteremko wa shamba lake na kuvunjika mfupa wa paja. Kutoka kwangu hadi kwake ilikuwa safari ya siku nzima: basi la alfajiri hadi Machakos, lingine hadi njia panda ya barabara ya Mombasa, kisha kungoja lolote linalopanda vilima, na mara nyingi nikapanda kwa miguu yangu. Nikiondoka Jumamosi alfajiri, nilifika jioni na kumwona saa chache tu, Jumapili nikarudi. Safari ya nne nilirudi miguu imevimba, nikapita kando ya zizi, nikasimama nikakitazama kile kigari. Nilikuwa nimekiona kila siku kwa miaka hiyo yote. Siku hiyo niliona magurudumu manne.

Jioni nilimkuta mama mkwe akipepeta pojo. Nilimwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, na yeye aliniita Mwalimu, hata tukiwa wawili tu jikoni.

"Mwaitu," nikamwambia, "nataka kulitoa gari la baba."

"Ulipeleke wapi?"

"Barabarani."

Akaendelea kupepeta. "Na mbuzi walale wapi?"

Hakuuliza kama naweza. Hilo nililipenda. Nikamwambia nitamjengea zizi jipya kabla sijagusa kitu, na likizo ya Agosti ilipofika nikalijenga, siku nne za kukata miiba na kuchimba mashimo, mikono ikiwa na damu hadi kwenye viwiko. Mbuzi walilikataa. Kila jioni walitoka malishoni wakaenda moja kwa moja kwenye kigari, nasi tukawafukuza kwa fimbo kwa karibu wiki mbili, Mwaitu akisema kwamba mbuzi ana akili kuliko mtu anayependa chuma kibovu.

Tuliichimba samadi kwa koleo na kuisambaza shambani. Mwaka huo mahindi ya sehemu ile yalikuwa marefu kuliko mimi. Kisha nikakiosha kigari kwa maji yaliyobebwa na punda watatu, nikachukua bisibisi na kuanza kupima kutu kama nilivyowahi kumwona fundi mmoja akifanya: unachoma. Bati zima linakataa. Bati lililoliwa linapokea.

Paa lilikataa. Boneti ilikataa. Madigadi za mbele zilipokea mahali mahali, karibu na taa. Lakini boriti za chini ya milango, yale masanduku marefu ya bati yanayobeba kigari kutoka mbele hadi nyuma, bisibisi iliingia hadi mpini. Nikavuta, na bati likaja kwa maganda, rangi juu, kutu chini, kama mkate wa safu safu. Ndani ya boriti ya upande wa mbuzi nilikuta samadi iliyokauka, mfupa wa kuku, na saruji. Ndiyo, saruji. Mtu alikuwa ameziba tundu kwa saruji na kupaka rangi juu yake.

"Baba yao alirekebishiwa hapo," Mwaitu akasema, akiinama kutazama. "Alifurahi sana. Alisema sasa ni imara kama nyumba."

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi alizunguka kigari mara mbili akiwa amefunga mikono nyuma. Lilikuwa gari la baba yake, na nilijua kwamba hakupenda kulitazama.

"Mama watoto," akasema, "hapa hakuna gari. Hapa kuna jiko na sufuria kadhaa."

"Injini wewe unaijua?"

"Naijua kidogo. Baba alinifundisha."

"Basi wewe shughulikia injini. Nguo niachie mimi."

Nilisema nguo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimekwisha kuliona jambo lenyewe. Bati ni kitambaa kigumu. Kama naweza kukata gauni la mwanamke mnene likamkaa bila kumbana kwapani, siwezi kushindwa na boriti. Nilichukua karatasi za kaki nilizokuwa nikitumia darasani, nikazibandika juu ya sehemu zilizooza, nikachora kingo kwa penseli, nikaongeza nusu inchi pande zote kwa ajili ya mshono. Pale ambapo bati lilijipinda karibu na gurudumu, nilikata kikunjo kama kile cha kifuani kwenye gauni. Nikawa na vipande kumi na saba vya karatasi, kila kimoja nimekiandika: kushoto mbele, kushoto katikati, sakafu ya dereva. Nikavihifadhi kwenye bahasha ya shule.

Bati lilitoka kwenye pipa la mafuta lililokuwa limetoboka, ambalo mfanyabiashara mmoja wa sokoni alinipa nilipombembeleza. Chuma cha pipa ni kizito na hakiogopi moto. Nililipasua kwa patasi na nyundo, nikalinyoosha juu ya gogo, na wiki nzima majirani wakanisikia. Mke wa mchungaji alikuja kuniuliza kama kuna tatizo nyumbani. Nikampa chai na kumwonyesha vipande. Akavishika, akavigeuza, akaniuliza kama ninaweza kumkatia bati la kuokea mkate. Nikamkatia.

Kuchomelea sikujua, na nyumbani hakukuwa na umeme. Nikaenda Kitui mjini na kumpata fundi wa bodi, kijana mfupi, mkimya, aliyejifunza kazi katika gereji moja ya Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula magari kila siku. Alikuja Jumamosi moja na mtungi wake wa kabaidi, yale mawe ambayo ukiyatia maji hutoa gesi yenye harufu ya vitunguu vilivyooza. Nilimfungulia bahasha yangu na kumpangia vipande chini. Alichuchumaa akavitazama kimoja kimoja.

"Madam," akasema mwishowe, "nani alikukatia hizi?"

"Mimi."

"Huku kwingine mimi hukata kwa macho tu. Halafu naziba kwa puti."

Tulifanya kazi vizuri kwa Jumamosi tatu. Tulimaliza sakafu, tukamaliza madigadi. Kabla ya kuchomelea kipande chote, alikuwa akikishika kwa nukta nne tano za moto, anakiangalia, anagonga kidogo, ndipo anamaliza. Nikamwambia hata sisi washonaji tuna jambo hilo, tunaliita kupiga bandi, ile mishono mikubwa ya kushikilia kitambaa kwanza. Alicheka. Nilijiona nimeumbwa kwa kazi hii.

Basi tukafika kwenye boriti. Shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa, nami nilikuwa na haraka ya kwenda kwa mama. Asubuhi hiyo milango ilikuwa nje, imeegemezwa ghalani, na kigari kimekaa juu ya mawe manne.

Fundi akasema, "Madam, tukate upande mmoja. Tuufunge. Halafu wiki ijayo upande wa pili."

"Wiki ijayo ni mbali. Kata zote mbili leo."

"Inaweza kulegea."

"Vipande vyangu vimepimwa," nikasema. "Kata."

Alinitazama kidogo, akawasha moto. Akakata zote mbili. Nilimpa vipande na vikaingia, pengine kwa kusukuma kidogo, na kabla jua halijazama boriti mpya zilikuwa zimefungwa pande zote mbili, mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Wageni wa kanisani walikuwa wamekuja kumsalimu Mwaitu, wakasimama kutazama. Nikamwambia fundi alete mlango wa dereva, ili wote waone unavyofunga.

Haukufunga. Ulining'inia kwenye bawaba zake, na kona yake ya nyuma ikagonga mwili wa gari, chini zaidi ya mahali pa kitasa, kwa upana wa vidole viwili. Tukauinua, tukausukuma. Tukajaribu wa pili. Huo ulikuwa mbaya zaidi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo sipendi kulikumbuka. Wageni wote wakinitazama, nilimgeukia fundi nikasema kwa sauti ya darasani, "Umechomelea vibaya. Umeniharibia kazi."

Alizima moto, akafunga mipira yake, akapakia mtungi kwenye mkokoteni. Alipofika kwa Mwaitu alivua kofia akamuaga kwa heshima. Mimi hakuniaga.

Usiku sikulala vizuri, na Jumapili sikwenda kanisani. Nilichukua tepu yangu ya kushonea nikapima nafasi ya mlango, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, kisha kona zile nyingine. Vipimo viwili hivyo vinapaswa kukaribiana kushoto na kulia kama kifua cha koti. Havikukaribiana. Kigari kilikuwa kimeinama katikati. Tulipokata boriti zote mbili kwa pamoja, hakukuwa na kitu cha kukishika, na mwili ukaketi chini polepole wakati sisi tunapanga vipande. Kisha fundi akachomelea vizuri kabisa, akaufunga ule mpindo ukakaa.

Na jambo lililonichoma zaidi lilikuwa hili: miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia wasichana wangu kwamba hakuna kumaliza kushona kabla mwenye nguo hajaijaribu. Msichana aliyemaliza bila kujaribisha nilimfanya afumue mshono wote mbele ya wenzake. Milango ilikuwa pale pale ghalani, hatua sita, na sikuijaribu.

Mwaitu alirudi kutoka ibadani akanikuta nimekaa chini kando ya gurudumu.

"Fundi alikosea?" akauliza.

"Hapana. Nilikosea mimi."

"Basi watu waliosikia la kwanza wasikie na la pili," akasema, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Jumatano, baada ya vipindi vya asubuhi, nilipanda basi nikaenda Kitui. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, paa la mapipa yaliyonyooshwa. Alikuwa akigonga mlango wa lori. Aliniona, akaendelea kugonga. Palikuwa na wanaume wanne watano wamekaa kwenye matairi, na nilifikiri nimwite pembeni. Sikumwita pembeni.

"Fundi," nikasema, "Jumamosi nilikulaumu mbele ya watu. Kosa lilikuwa langu. Uliniambia tukate upande mmoja nikakataa. Nimekuja kukuomba msamaha."

Nyundo ikasimama. Mmoja wa wale wanaume akatazama chini.

"Ulijuaje?" akauliza.

"Nilipima kona kwa kona."

Akafikiri. "Vidole viwili?"

"Kushoto viwili. Kulia viwili na nusu."

"Basi siyo mbaya sana," akasema. "Nilifikiri ni vitatu." Akachukua nyundo tena. "Jumamosi nitakuja. Lakini Madam, Jumamosi mimi ndiye mwalimu."

"Wewe ndiye mwalimu."

Alikuja na vyuma viwili virefu vya pembe. Tulizikata zile boriti zangu nzuri, na niliona uchungu nikizisikia zikilia chini ya tindo. Safari hii tulikata upande mmoja, tukaumaliza, ndipo wa pili. Kwanza aliweka jeki katikati ya kigari, chini, na ubao juu yake, akapandisha taratibu huku mimi nikipima kona na kumtajia hesabu ya tepu: bado alama tatu, bado mbili, ngoja, imepita, shusha. Vipimo vilipokubaliana alichomelea chuma kimoja cha pembe katikati ya nafasi ya mlango kwa muda, ili mwili usiweze tena kuketi. Mwaitu alitoka jikoni akatazama.

"Ndivyo tunavyoinua ghala," akasema. "Unainua, unaweka gogo, ndipo unabadilisha nguzo. Kwani nyinyi mlianza na nguzo?"

Niliona mabega ya fundi yakitikisika kwa kicheko.

Tulipiga bandi. Tukatundika mlango. Ukafunga. Tukautoa, tukachomelea shibiri moja, tukautundika tena. Ilichukua Jumamosi nne kumaliza pande zote mbili, nami nikitoka shuleni Ijumaa nikiwa na hamu kama mtu anayekwenda harusini. Ndani ya boriti tulimimina mafuta machafu ya injini ili kutu isipate pa kuanzia, na chini yake tukatoboa vitundu vya kutolea maji, kwa sababu fundi alisema gari haliozi kwa kunyeshewa, linaoza kwa kukosa pa kumwagia. Kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tabaka mbili, msasa kati yake.

Mume wangu naye alikuwa ametimiza sehemu yake. Alikuwa amemimina mafuta ya taa kwenye matundu ya plagi na kuyaacha yalale mwezi mzima, na aliporudi aliweza kuizungusha injini kwa mkono. Akasafisha kabureta mezani kwangu, juu ya kitambaa changu kizuri, akabadilisha mipira yote ya breki. Siku injini ilipowaka, mwezi wa Desemba, ilitoa moshi mweupe uliofunika boma, mbuzi wakakimbia hadi mtoni. Alikaa ndani, mikono kwenye usukani, na hakutoka kwa muda mrefu. Nilimwona akifuta macho. Nilikwenda kuwatafuta mbuzi.

Mkaguzi wa magari kule Kitui alikuwa mtu mkali. Alilala chini ya kigari na nyundo yake ndogo, akagonga kila mahali. Alipotoka akauliza ni gereji gani iliyotengeneza sakafu. Nikamwambia ni nyumbani, Matinyani. Akagonga tena mahali pamoja, kisha akaniandikia cheti.

Rangi tuliyokipaka ilikuwa ya samawati, kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Januari nilikiendesha hadi Kilungu, mume wangu, aliyekuwa amenifundisha kuendesha, kando yangu akikanyaga breki ambayo upande wake haikuwapo. Tuliondoka na giza la alfajiri, na saa nne tulikuwa tukipanda vilima, gia ya kwanza, wanawake wenye mizigo ya maparachichi wakisogea kando kututazama. Mama yangu alitoka na fimbo yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona, kwa cherehani ya mkono, kibarazani pale pale. Alikizunguka kigari, akapitisha kidole chini ya mlango, kwenye mshono wa bati, kutoka mbele hadi nyuma.

"Hapa umepinda kidogo," akasema.

"Hapo ni fundi, mama."

"Na karatasi ya kukatia ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi ni wewe," akasema, na akatukaribisha chai.

Nilimtembelea karibu kila wiki mbili kwa miaka mitano, hadi alipotutoka. Kigari kiliniharibikia njiani mara mbili tu, zote ni mkanda wa feni. Mwaitu alikipanda kwenda sokoni na hospitalini, na hakuwahi kukisifu, ila aliwakataza watu kukiegemea.

Na fundi? Mwaka mmoja baadaye alitokea kwangu Jumamosi asubuhi akiwa na mlango wa pikapu umefungwa kwa gunia, umeliwa na kutu chini kote.

"Madam," akasema, "una karatasi ya kaki?"

Nilikuwa nayo. Tangu siku hiyo mpaka katikati ya miaka ya tisini, kila alipopata kazi yenye mapindo magumu, alikuja nayo au akatuma niitwe. Nilimkatia madigadi za mabasi, pua ya gari la wagonjwa, na mara moja mlango wa nyuma wa gari la kubebea maiti, ambao ulitusumbua siku mbili kwa sababu ya kioo chake. Alikuwa na wanafunzi wake sasa, na kwenye ukuta wa karakana aliwatundikia vipande vyangu vya karatasi kwa misumari, vimeandikwa kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kushoto mbele, kushoto katikati, ili mtu akija na gari la aina hiyo wasianze kukisia.